Nani Achore Mpaka wa Uzi?

Wazungumzaji wa mjadala huu ni watatu, na mimi mwandishi nilikuwa wa nne, niliyeketi pembeni nikinywa chai na kuyaandika yanayosemwa; nao hawakukutana kwa nia ya kujadiliana, bali kwa ajili ya sahihi moja tu, ambayo aliyeombwa kuitia alikataa kuitia, na katika kukataa kwake ndimo yalimozuka maneno haya yote yaliyotuweka katika hoteli ya chai karibu na stesheni ya reli ya Nakuru tangu adhuhuri hata taa za barabarani zikawashwa.

Wa kwanza ni Mzee, mzaliwa wa Mombasa, aliyepanda gari la moshi akaja Bonde la Ufa akali kijana, akaishi miaka thelathini na kitu katika maabara akitia rangi tishu za watu na za wanyama na kuzitazama kwa hadubini, hata wanafunzi wake wakawa wanasema kwamba jicho lake la kulia limekuwa dogo kuliko la kushoto kwa kuchungulia. Wa pili ni Daktari, binti aliyepata kuwa mwanafunzi wake, sasa mtaalamu wa mifugo, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akilinganisha misuli ya kondoo wekundu wa Kimaasai na ya chotara wa Dopa wafugwao pande za Njoro na Naivasha. Wa tatu ni Kocha, mkimbiaji wa zamani wa kutoka Keringet, aliyekuja kwa sababu ndiye aliyempakia Mzee katika gari lake, na akabaki kwa sababu hana uwezo wa kulisikia neno "msuli" akanyamaza.

Juu ya meza palikuwa na kompyuta ndogo, na katika kioo chake picha ambayo asiyeijua angedhani ni ya mashamba yaliyopigwa kutoka angani: vipande vya pembe tano na sita, vimebanana pasipo nafasi, kila kimoja kimezungushiwa ukingo mwembamba wa kijani unaong'aa, mfano wa ua wa michongoma. Nazo zilikuwa nyuzi za msuli wa mgongo wa kondoo, zilizokatwa kwa kukingama. Kipande cha nyama kisichozidi ncha ya kidole hugandishwa kwa ghafla katika kimiminiko kilichopozwa kwa nitrojeni ya maji, kwa maana kikigandishwa polepole maji yaliyomo ndani ya nyuzi hufanya fuwele za barafu, na fuwele hutoboa matundu, nyama ikaonekana kama sifongo; kisha hukatwa tando nyembamba za maikromita 10, ambazo mia moja zikipandanishwa ndipo hupatikana milimita moja; kisha tando hizo hupakwa kingamwili zinazoishika laminini, protini iliyomo katika ukuta unaozunguka kila uzi, na kingamwili hizo zimebeba rangi ing'aayo chini ya mwanga maalumu. Hadi hapo kazi ni ya mikono. Baada ya hapo programu hushika zamu: huchora mpaka wa kila uzi, huhesabu, hupima eneo, huandika safu za tarakimu, na kazi ambayo Mzee angeifanya kwa juma zima hukwisha kabla chai haijapoa. Sahihi iliyotakiwa ilikuwa ya kuzithibitisha tarakimu hizo.

DAKTARI: Mzee, sikukuomba unisifu, nilikuomba unihakikie. Desturi ya kazi hizi inataka msomaji wa pili, na katika mji huu mimi simjui mwenye jicho kama lako. Picha zote nimezipitisha katika programu ile ile, kwa vipimo vile vile, na ile ya mwisho imesomwa kwa makini yale yale iliyosomwa nayo ya kwanza, maana mashine haichoki, wala haisinzii, wala haina mtoto anayeumwa nyumbani. Sasa taksiri iko wapi?

MZEE: Iko hapa, mwanangu, kwamba unanitaka niwe shahidi wa jambo nisilolishuhudia. Mbele ya kadhi na mbele ya hakimu, swali la kwanza aulizwalo shahidi ni, ulikuwapo? Nami sikuwapo mipaka hii ilipochorwa. Unaniambia hapa pana nyuzi kadha wa kadha, na kila mmoja ukubwa wake ni huu. Nani aliyeamua kwamba hiki ni kipande kimoja na kile ni viwili? Ukinijibu kwamba ni programu, nitakuuliza programu ya nani, na nani aliyeiambia mpaka ni nini.

DAKTARI: Hilo ni swali la haki, na jibu lake halina siri. Mwaka 1987 Wayne Rasband, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alianza kutunga programu ya kupimia picha, na mwaka 1997 akaitoa upya kwa jina la ImageJ, bure kwa kila aitakaye, na kila mstari wa maagizo yake uko wazi kwa mwenye kutaka kuusoma. Humo mna mbinu ya kutenga nyuzi ambayo wewe, uliyekaa chini ya Mau miaka yote hii, utaielewa kuliko mhandisi. Chukua mwanga wa picha uufanye kimo cha ardhi: ukingo unaong'aa uwe mgongo wa mlima, na ndani ya uzi, palipo giza, pawe bonde. Sasa mvua inyeshe. Tone liangukalo upande huu wa Mau hushuka kwa Mto Njoro hadi Ziwa Nakuru. Tone jingine, lililoanguka ng'ambo ya kilele, hushika njia ya Mto Mara au ya Sondu likaishia Ziwa Viktoria. Mstari wa juu unaoyatenga maji hayo ndio mpaka. Programu hujaza maji kila bonde, na pale maji ya bonde hili yanapotaka kukutana na ya bonde lile, hujenga ukuta. Wafaransa wawili, Beucher na Lantuéjoul, ndio walioiingiza hoja hii katika elimu ya picha mwaka 1979.

Mzee alicheka kwa sauti, akakisukuma kikombe chake kando kama mtu anayetengeneza nafasi ya kukunjua mkeka.

MZEE: Umenifurahisha, na umejifunga kwa kamba yako mwenyewe. Ziwa hilo unalolitaja nimelijua likiwa limerudi nyuma hata tukitembea juu ya magadi makavu kuwafuata heroe. Na nimeliona tangu mwaka 2010 na baada yake likipanda mwaka hata mwaka, likameza miti, likameza lango kuu la hifadhi, ikabidi lango lihamishwe. Ziwa ni lile lile. Kimo cha maji ndicho kilichobadilika, na mpaka ukahama. Basi nawe katika programu yako mna namba moja ndogo, mnayoiita kizingiti, isemayo kwamba mwanga wa kiasi hiki ni ukuta na wa chini ya hapo si kitu. Ukiipandisha, kuta hafifu huzama, na nyuzi mbili zikawa moja; ukiishusha, kila doa la vumbi huwa kisiwa na kila dimbwi huwa ziwa, na uzi mmoja ukakatwa vipande vitatu. Nani aliyeipandisha? Nani aliyeishusha? Na alipokuwa akifanya hivyo, alikuwa akiitazama picha, au alikuwa akiyatazama matokeo aliyoyatamani?

Daktari hakujibu. Nadhani swali hilo ndilo lililokuwa kiini cha ugomvi tangu awali, ingawa wote wawili walikuwa wakilipitia kando kwa adabu, kama wapita njia wapitavyo nyumba yenye msiba. Na laiti Kocha asingaliingia wakati ule, huenda mazungumzo yangalikatika hapo, na chai yetu ingalinyweka kwa kimya.

KOCHA: Mzee, Daktari, niruhusuni mimi nisiye na shahada. Nimesikia habari za mpaka wa uzi, nami nataka kuuliza habari za mwenye nyama. Nilipokuwa kijana tuliambiwa, na wageni na wenyewe, kwamba watu wa Bonde la Ufa tuna nyama ya namna nyingine, na kwamba siri ya Kipchoge Keino alipowaacha wenzake Mexico mwaka 1968 katika mita 1500 ilikuwa ndani ya nyuzi zake. Basi mwaka 1990 akaja Iten Bengt Saltin wa Uswidi na wenzake, wakaleta na wakimbiaji wa kwao, ambao vijana wetu wa shule waliwaonyesha vumbi. Wakapima hewa, wakapima mioyo, wakachoma sindano ile ya kunyofoa nyama katika misuli ya mguu, na mwaka 1995 wakazitoa habari zao. Waliona nini? Kwamba uwiano wa nyuzi za polepole na za haraka kwa Wakenya na kwa wakimbiaji wa Skandinavia ulikaribiana sana. Kilichotupambanua ni kimeng'enya kimojawapo cha kuunguza mafuta, ambacho kwetu kilikuwa na nguvu zaidi, na kukimbia kwa gharama ndogo ya hewa. Hadithi ya nyama ya ajabu ilikuwa imeimbwa miaka zaidi ya ishirini, na kipande kidogo cha nyama kikaipunguza sauti. Mzee, usizidharau picha.

MZEE: Nani aliyezidharau, ndugu yangu? Mimi zimenilisha. Duchenne wa Ufaransa alibuni sindano yake katika karne ya kumi na tisa, ikasahauliwa, na Bergström wa Stockholm akaifufua kwa sura nyingine mwaka 1962, na tangu siku hiyo tuna dirisha la kuchungulia nyama ya mtu aliye hai. Lakini ni dirisha, si nyumba. Mswidi mwingine, Lexell, na wenzake, walichukua msuli mzima wa paja kwa wanaume 43 waliokuwa wazima kabla ya kufariki, wa umri wa miaka 15 hadi 83, wakaukata kutoka ukingo hata ukingo. Na mwaka 1988 wakaeleza kwamba baina ya miaka 20 na 80 msuli huo hupungua kwa takriban asilimia 40, na sehemu kubwa ya upungufu huo ni nyuzi zenyewe kutoweka. Nikishika ukuta kupanda ngazi, najua hesabu yao ni ya kweli. Lakini wao waliukata msuli mzima. Wewe na mimi twatazama punje.

KOCHA: Na punje ya paja langu la mwaka ule nilipokuwa nikikimbia si punje ya leo.

MZEE: Hata kidogo. Tena picha hujibu lile tu lililoulizwa. Kabla ya vita vikuu vya pili, ng'ombe katika mashamba ya Wazungu hapa Nakuru walikuwa wakikonda katikati ya majani mabichi, wakikonda hata mbavu zikahesabika, na ugonjwa ukapewa jina la mji wetu, ukaitwa Nakuruitis, jambo lisilo fahari kwa mji wowote. Ukiitazama nyama ya mnyama aliyekonda namna ile utaona nyuzi nyembamba. Utazipima, utaziandika, wala hakuna uzi hata mmoja utakaokunong'oneza kwamba kilichokosekana ni kobalti katika udongo. Jibu lilitoka Australia, mwaka 1935, kwa watu waliokuwa wakiwatibu wanyama wa namna hiyo kwa mawe ya chuma, wakagundua kwamba kilichokuwa kikiponya si chuma, bali chembe za kobalti zilizojificha ndani yake. Njaa hukondesha uzi, uzee huukondesha, kukaa bila kazi huukondesha, na kukosa kobalti huukondesha. Programu yako itaandika namba ile ile kwa yote manne.

DAKTARI: Hayo hayaipingi programu, Mzee. Jicho lako nalo lisingaliiona kobalti.

MZEE: Lisingaliiona, kweli. Lakini jicho langu lisingaliandika desimali tatu.

Hapo nilicheka, na si mimi peke yangu. Mtu mmoja wa meza ya pili, mwenye koti jeupe la bucha lililokwisha kupoteza weupe wake, alicheka pia, akageuza kiti, akasema kwamba yeye nyama nyororo huijua kwa kidole gumba tangu mwaka alipoanza kazi, wala hajapata kuandika hata desimali moja. Daktari alimwambia kwa upole kwamba kidole chake hakikosei sana, kwa sababu kondoo huzaliwa na karibu nyuzi zake zote, na tangu siku hiyo hazizidi kwa idadi bali hunenepa, na aghalabu nyama yenye nyuzi nene humchosha mtafunaji. Mwenye bucha akaridhika, akarudi kwenye sambusa yake. Nami niliyaweka moyoni maneno ya desimali, kwa kuwa nimeona katika makaratasi mengi jinsi tarakimu ndefu inavyopewa kiti cha mbele kabla haijaulizwa imetoka wapi.

Daktari alikuwa ameinamia kompyuta yake muda wote huo. Aliponyanyua uso, sauti yake ilikuwa nyingine.

DAKTARI: Mzee, uliuliza nani aliyepandisha maji. Ni mimi. Na tangu uliponiuliza moyo wangu haujatulia, basi heri niseme. Nilipoanza, nilichukua picha kumi za mwanzo, na kwa kuwa rangi yake ilikuwa imeshika vizuri, nikakisogeza kizingiti mbele na nyuma hata mipaka ikatoka kama nilivyoiona kwa macho yangu. Kisha nikaipa programu picha zote, kwa kizingiti hicho hicho, nikiamini kwamba kuwatendea wote sawa ndiyo insafu. Lakini zile kumi zote zilikuwa za chotara wa Dopa. Sampuli za kondoo wekundu nilizitia rangi mwezi uliofuata, kwa chupa nyingine ya kingamwili, na nikiziweka hapa kando kwa kando naona mwanga wake ni hafifu kidogo.

MZEE: Basi kuta zao huzama upesi.

DAKTARI: Na nyuzi zao huungana mbili mbili, zikahesabiwa chache na kupimwa nene.

KOCHA: Yaani ungetangaza kwamba kondoo wa Kimaasai wana nyuzi nene, kumbe ni chupa.

DAKTARI: Kumbe ni chupa.

Mvua iliyokuwa ikijikusanya juu ya Mau tangu asubuhi ilifika mjini wakati huo, ikaanguka juu ya mabati kwa kishindo kilichotunyamazisha sote. Mhudumu alipita akafunga madirisha. Mzee alingoja hata kelele zikapungua, akasema kwa sauti ndogo, akimtazama Daktari peke yake, hata ikanibidi niinamie meza nimsikie.

MZEE: Usisikitike, mwanangu. Nami nina langu, ambalo sijapata kumweleza mtu. Zamani zetu nyuzi tulizitambua kwa asidi, kama Brooke na Kaiser walivyofundisha mwaka 1970: ukiiogesha tando katika asidi ya kipimo cha pH 4.6 kabla ya kuitia rangi, nyuzi za polepole hutoka nyeusi, na zile za haraka hugawanyika, aina moja ikabaki nyeupe na aina ya pili ikawa kijivu. Nyeusi na nyeupe hazina mgogoro. Mgogoro wote uko katika kijivu. Siku moja nililetewa slaidi ambayo majuma mawili nyuma nilikwisha kuihesabu, lebo yake imebanduka na nyingine imebandikwa, nami nisijue kuwa ndiyo. Mara ya kwanza niliihesabu asubuhi, mara ya pili niliihesabu jioni, baada ya kazi ya kutwa. Majibu yalipowekwa pamoja, kijivu cha asubuhi kilikuwa kimegeuka cheupe cha jioni, kwa nyuzi nyingi kiasi cha kunitia haya. Wala sikusema uongo asubuhi, wala sikusema uongo jioni. Jicho langu lilikisogeza kizingiti chake lenyewe, pasipo kuniarifu. Chako wewe angalau kimeandikwa mahali.

Katika mijadala niliyopata kuihudhuria, ni nadra kumwona mtu akiibomoa ngome yake kwa mkono wake mwenyewe, na nadra zaidi kumwona akiibomoa wakati mshindani wake amekwisha kuanguka. Hata hivyo sikuona kwamba Mzee alikuwa amehamia upande wa programu. Alikuwa amekaa pale pale alipoanzia: kwamba mpaka una mchoraji wake, na mchoraji ajulikane, ila sasa alikubali kwamba mchoraji mwenye jicho na hadubini naye huweza kusahau alichora wapi.

KOCHA: Lakini nasikia siku hizi ziko programu zinazojifunza, zisizohitaji kuambiwa kizingiti.

DAKTARI: Ziko. Ile iitwayo Cellpose, iliyotangazwa mwaka 2021, ilifundishwa kwa vitu zaidi ya 70,000 ambavyo watu walivichorea mipaka, seli za kila namna, hata ikajua kuchora seli ambazo haijapata kuziona. Na mtu aweza kuifundisha tena kwa picha zake mwenyewe, ikazoea nyama yake.

MZEE: Kwa hiyo macho yamo, ila hatujui ni ya nani, wala hatujui ilikuwa asubuhi ama jioni.

DAKTARI: Ndivyo, Mzee. Na makosa yake ni mazuri kwa sura, ndiyo hatari yake. Ile ya zamani ikikosea hutoa upuuzi ambao mtoto angeuona. Hii ikikosea huchora mpaka laini, wa kupendeza, mahali pasipo na uzi. Tazama.

Akafungua picha moja. Katika pembe yake ya juu tando ilikuwa imejikunja wakati wa kulazwa juu ya kioo, kama ncha ya kanga inavyojikunja mtu akiketi juu yake, na pale penye kunjo rangi ilikuwa imerundikana. Programu ilikuwa imezungushia kunjo lote mstari mmoja safi, ikaliita uzi. Na uzi huo, kwa kipimo chake, ulikuwa jitu katikati ya kijiji. Daktari alisema picha hiyo alikusudia kuiondoa, kisha akaogopa kwamba akianza kuondoa picha zisizompendeza hatajua pa kukoma.

Mzee alimwita mhudumu akaomba ndizi mbivu na kisu. Akaimenya, akaikata mara moja kwa kukingama, akatuonyesha duara. Akaikata tena kwa mshazari, akatuonyesha yai refu, kubwa zaidi ya duara lile kwa karibu nusu. Ndizi ni moja, akasema, na anayepima eneo ataapa kwamba ni mbili. Kisha akaweka ncha ya kisu juu ya yai lile, si kwa urefu bali kwa upana wake mwembamba, na upana huo ulikuwa sawa na wa duara. Daktari alikubali bila ubishi: kipenyo kile chembamba, kiitwacho kwa jina la Feret, ndicho kisichodanganyika upesi nyama ikikatwa kwa upande, nayo programu ilikuwa imekipima tangu mwanzo, ila yeye aliyapeleka mbele maeneo kwa sababu ndiyo wanayoyauliza wengi. Kocha alikula ushahidi wote, duara na yai.

Waliyoafikiana baadaye yalikwenda upesi. Kizingiti kitawekwa upya kwa picha za makundi yote mawili, na namba yake itaandikwa pamoja na picha ghafi, zisizoguswa, zitakazohifadhiwa ili ajaye aweze kuzipima mwenyewe. Mzee atapewa picha hamsini, zilizofunikwa majina, asijue ipi ya kondoo mwekundu na ipi ya chotara, naye atazichora kwa mkono, asubuhi tu, picha chache kwa siku. Kisha mipaka yake itawekwa juu ya mipaka ya programu, na pale itakapoachana ndipo watakapoketi tena. Ubishi ulibaki katika jambo moja dogo, ambalo lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote: uzi uliokatwa na ukingo wa picha, nusu yake ndani na nusu nje, huhesabiwa ama hauhesabiwi?

DAKTARI: Programu huziondoa zote zinazogusa ukingo.

MZEE: Na uzi mnene hugusa ukingo mara nyingi kuliko mwembamba, kwa hiyo unawaondoa wanene zaidi. Sisi katika kuhesabu chembe za damu tulikuwa na kanuni: igusayo mstari wa juu au wa kushoto imo, igusayo wa chini au wa kulia haimo. Na Gundersen wa Denmark aliitengeneza kanuni ya namna hiyo kwa hisabu madhubuti mwaka 1977.

KOCHA: Kwa nini kushoto, isiwe kulia?

MZEE: Kulia pia kungefaa. Ila ukishachagua usigeuke.

Daktari aliiandika kanuni hiyo katika daftari lake, kwa wino, akaitia tarehe, na Mzee akaomba daftari akatia sahihi yake chini ya mistari ile miwili. Safu za tarakimu hakuzigusa. Ikabaki kuchagua zile hamsini. Daktari alitaka kuzichagua, Mzee akakataa. Mzee akataka kuzichagua, Daktari akakataa. Basi Kocha akaomba karatasi, akazichana vipande vidogo, tukaandika namba za picha zote, kazi iliyotuchukua nusu saa na sahani nyingine ya mandazi. Akavua kofia yake, akavimimina ndani, akavikoroga kwa kidole, akatoa cha kwanza, akakisogeza karibu na taa akasoma namba.

Daktari alifumba macho. Ilikuwa ile picha ya kunjo.

"Haya," akasema Mzee, "nipe penseli."